Vidole vya Shangazi, Ngozi ya Plastiki

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi hapa Mwanza mbele ya mafundi, wafanyabiashara wa dagaa, wahudumu wa afya na wanafunzi. Walioshindwa kufika wameniomba maneno yake, kwa hiyo nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani. Picha za ukutani nimeziacha. Nusu yake hazikuonekana hata siku yenyewe, maana pazia la dirisha la nyuma lilikuwa limeanguka.

Mwangaluka!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Tena: Mwangaluka!

Haya, hapo sawa. Walimu wenzangu, mafundi mliofunga vibanda siku ya mauzo ili mje kunisikiliza, wauguzi mliotoka zamu ya usiku na macho bado mekundu, mama zangu na dada zangu wa Mwaloni, wanafunzi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie sensa. Mzee mmoja pale mlangoni ameniuliza, "Mwalimu, si tulishahesabiwa mwaka 2022?" Tulihesabiwa, mzee wangu, na karani alikunywa maji kwako. Sensa ya leo ni ile ambayo fundi gari akishafungua boneti anakuambia imekufa, toa laki na nusu. Kwa Kiswahili kizuri ni kihisi, kitu kinachohisi jambo na kulitolea taarifa kwa umeme. Na leo nasemea vihisi vya aina moja tu, vya mguso, tena vile laini, vinavyopinda, unavyoweza kuvivisha kwenye kidole, kwenye soksi au kwenye godoro la mgonjwa.

Lakini nianze na shangazi yangu.

Shangazi ananunua dagaa wakavu Mwaloni, Kirumba, tangu sijaanza shule. Muuzaji akimfungulia gunia, hatazami wale wa juu. Nani asiyejua kwamba wazuri huwekwa juu? Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anakamata wa katikati, anawaminya mara mbili huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha anamtoa mmoja, anamvunja shingo. Akimaliza anasema: "Hawa walinyeshewa juzi, wakaanikwa upya." Na muuzaji anacheka, kwa sababu ni kweli.

Niambieni, macho yake yalikuwa wapi? Yalikuwa yanatazama ziwa. Kilichosoma ni mkono. Nendeni kwa wanunuzi wa mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, mtaona hivyo hivyo: bondo linapitishwa kati ya kidole gumba na cha shahada, bei inatajwa. Wazee wetu waliopanga madaraja ya pamba walivuta nyuzi kwa vidole wakajua urefu wake. Mkono unajua. Katika kiganja kimoja na vidole vyake kuna takriban miishio 17,000 ya neva inayosikia mguso tu, ukiacha ya maumivu na ya joto. Mingine inasikia kubonyezwa, mingine kuvutwa kwa ngozi, mingine mtetemo. Na ni juzijuzi tu, mwaka 2010, ambapo kundi la Ardem Patapoutian kule Marekani liligundua protini zinazofanya kazi hiyo ya kwanza kabisa: mlango mdogo kwenye ukuta wa seli ambao ukuta ukivutwa, unafunguka, chembe zenye chaji zinaingia, na habari inaondoka kwenda kwenye ubongo. Mwaka 2021 alipata Nobeli pamoja na David Julius. Miaka yote hiyo shangazi anaminya dagaa, sayansi ilikuwa haijaujua mlango.

Sasa swali lililonileta hapa. Tunaweza kutengeneza kitu ambacho nacho kinajua?

Mtasema, mbona tunacho mfukoni? Simu ya tachi. Ndiyo. Wa kwanza kueleza skrini inayoguswa kwa kidole, ya namna hii tunayoitumia, alikuwa Mwingereza E. A. Johnson, mwaka 1965, na alikuwa akifikiria waongoza ndege, wala si picha za harusi. Ndani ya skrini yako kuna utando mwembamba wenye mistari inayokatizana kama daftari la hesabu. Kila makutano yana chaji kidogo. Mwili wako una maji na chumvi, unapitisha umeme. Kidole kikisogea kinadokoa chaji ile. Simu inakagua: makutano gani yamedokolewa? Hapo ndipo ulipogusa.

Mama zangu wa Mwaloni, ndiyo maana mkono ukiwa na maji na magamba ya sangara simu inafanya wazimu, inampigia mtu usiyemtaka. Maji nayo yanadokoa. Simu haijui tofauti ya kidole na tone.

Na utando ule umetengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati. Ni kitu cha ajabu, kinapitisha umeme na kinapitisha mwanga. Ila una tabia ya chungu cha udongo. Uvute kwa asilimia 2 au 3 tu, unapasuka. Na indiamu yenyewe hupatikana kidogokidogo, kama masalia ya kuchenjua zinki. Rafiki yangu fundi pale Makoroboi ana boksi zima la skrini za hivyo. Nyingine kioo cha juu tu ndicho kimepasuka, tachi inafanya kazi. Nyingine ufa umefika kwenye utando, na sehemu ya skrini imekufa kabisa, huwezi kuandika herufi za upande huo. Kitu cha namna hii unaweza kukishona kwenye soksi? Utaukunja mguu mara moja, basi, kwisha habari.

Kwa hiyo acheni kwanza simu. Nileteeni rimoti.

Nani hapa hajawahi kufungua rimoti iliyogoma? Nyosheni mikono. Hakuna. Vizuri. Ukiifungua unakuta mpira laini wenye vitufe, na chini ya kila kitufe kuna kidonge cheusi. Kikichakaa, sisi tunakata kipande cha karatasi ya sigara inayong'aa, tunabandika kwa gundi, televisheni inawaka, tunajiona mainjinia. Lakini mmewahi kujiuliza, kile kidonge ni nini? Ni mpira. Mpira si haupitishi umeme? Haupitishi. Wamechanganya ndani yake masizi. Masizi safi ya kaboni, ndugu wa yale yaliyokuwa yanatia weusi dari wakati wa koroboi.

Shikeni hapo hapo. Mpira haupitishi umeme, masizi yanapitisha, ukivichanganya unapata mpira unaopitisha umeme. Biashara yote ninayoizungumza leo imeanzia hapo, na tatizo lake limeanzia hapo pia: masizi mangapi? Ukitia kidogo, hakuna kinachopita. Ukijaza, umeme unapita lakini mpira unakuwa mkavu kama ugali wa jana.

Nitawapa mfano ambao hauhitaji kitabu, magugu maji.

Mnakumbuka siku zile za vivuko vya Kigongo na Busisi, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025? Unasimama ufukweni unayatazama magugu yanavyoelea. Leo visiwa vitatu vinne, vimetawanyika. Kesho vimeongezeka. Sasa mtazameni ndege yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani. Mkatazeni kuruka. Anaweza kutoka ng'ambo hii kwenda ng'ambo ile? Wiki ya kwanza hawezi, anaishia kwenye kisiwa chake. Wiki ya pili hawezi. Wiki ya tatu hawezi, na ziwa linaonekana karibu limejaa. Halafu usiku mmoja upepo unaleta magugu machache tu, ya kujaza mtumbwi mmoja, yanaingia kwenye pengo, na asubuhi ndege anavuka moja kwa moja. Hakuvuka nusu, wala robo. Jana hapana, leo ndiyo.

Umeme ni ndege yule. Chembe za kaboni ni magugu. Mpira ni maji. Chembe zinapofikia idadi fulani zinagusana kutoka ukingo hadi ukingo, na kitu ambacho jana kilikuwa mpira mtupu leo kinapitisha umeme. Na hapa pana utamu wake. Ukisimama karibu kabisa na idadi ile, pengo moja limebaki, kisha ukabonyeza kidogo kwa kidole, unayasogeza magugu, pengo linazibika. Kubonyeza kumegeuka kuwa umeme. Kidole kikitoka, linafunguka tena. Hicho ndicho kihisi. Mengine yote ni mapambo.

Basi watu wakauliza: kwa nini tutumie chembe za mviringo? Mtu akitaka kuziba ziwa kwa vitu vichache, atachukua mipira au atachukua miti mirefu? Nilipouliza swali hili darasani, kijana mmoja wa Ukerewe alijibu bila kufikiri: "Wavu, mwalimu. Wavu una uzi kidogo na unashika ziwa." Nikampa alama zote.

Uzi mrefu mwembamba unagusana na nyuzi nyingine nyingi. Masizi ya mviringo mara nyingi yanahitaji asilimia kadhaa ya uzito wa mpira, hata zaidi ya 10. Mirija-nano ya kaboni, mirija myembamba mno isiyoonekana kwa macho, ambayo Mjapani Sumio Iijima aliieleza mwaka 1991 na dunia ikashtuka, inaweza kutosha chini ya asilimia 1. Mpira unabaki mpira. Halafu kuna nyuzi-nano za fedha. Na nisisitize, fedha ya pete, siyo ya mfukoni, ingawa ukitaka kuzinunua utaona zinahusiana. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000. Uzi mmoja wa fedha una nanomita 50 hivi: ukizipanga ubavu kwa ubavu juu ya unene wa unywele mmoja, zinaenea zaidi ya 1,000. Zinachemshwa kutoka kwenye chumvi ya fedha ndani ya kimiminika cha jamii ile inayotiwa kwenye rejeta, unapata maji ya kijivu yanayometameta, unayapaka kwenye plastiki, yanakauka. Kinachobaki ni wavu usioonekana kwa macho. Matundu yake ni makubwa kuliko nyuzi zake, kwa hiyo mwanga zaidi ya asilimia 90 unapita. Na ukiikunja plastiki? Uzi unateleza juu ya uzi mwenzake. Chungu kinapasuka. Wavu unakunjwa, unatiwa kwenye mtumbwi, kesho unatupwa tena majini.

Grafini nitaipita haraka, wanafunzi mnaijua: Andre Geim na Konstantin Novoselov, Manchester, 2004, walibandua kinywe, yaani grafaiti, kwa selotepu mpaka wakabaki na tabaka moja la atomi, na mwaka 2010 wakapewa Nobeli. Nitakachowaongezea ni kwamba kinywe kile kile kimelala ardhini Mahenge na Ruangwa, na kimo kwenye penseli uliyoitafuna ukiwa darasa la tatu. Tutarudi kwenye penseli.

Sasa umbo. Godoro la sponji na tofali la mpira, lipi linazama ukilikalia? Godoro, kwa sababu lina matundu, hewa inatoka, linapata pa kuingia. Mpira mzima hauna pa kwenda. Zhenan Bao na wenzake kule Stanford walilitumia jambo hilo mwaka 2010: badala ya mpira bapa, walitengeneza mpira wenye vilima vidogo mno vya piramidi, hewa katikati yake, wakauweka kati ya bamba mbili za umeme. Wakamweka nzi juu yake. Nzi wa miligramu 20. Kihisi kikamwona. Jamani, nzi! Sisi nzi akitua mgongoni mwa ng'ombe, ng'ombe anatikisa ngozi. Hiki nacho kimetikisika, kwa umeme.

Mnapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi siku niliposoma. Ndiyo maana lazima niwaambie yaliyonipata.

Miaka ya nyuma nilikuwa natengeneza vifaa katika hospitali moja, sitaitaja. Alikuja mzee mmoja mwenye kisukari. Alikuwa ametembea tangu asubuhi na msumari uliopenya kandambili ukaingia kisiginoni. Hakujua. Aliyeuona ni mjukuu, kwa sababu ya damu sakafuni. Kisukari kilikuwa kimeua neva za nyayo, na mguu usiosikia maumivu ni kama nyumba isiyo na mbwa: mwizi anaingia saa yoyote. Wauguzi mlioko hapa mnajua inavyoishia. Kidonda, kisha kidonda kikubwa, kisha kisu.

Nikasema, hili ninaliweza. Mguu umepoteza vihisi, nitaupa vihisi. Nikachukua sponji ya godoro, nikasaga kinywe kutoka kwenye zile fimbo nyeusi za betri kubwa, nikakoroga na gundi, nikachovya, nikaanika. Ilipokauka nikabana pande mbili kwa waya, nikaweka mita ya kupimia umeme. Bonyeza, ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita, unashuka. Achia, unapanda. Usiku ule sikulala. Nilikata soli sita, nikazishonea kwenye kandambili pamoja na taa ndogo nyekundu: ukikanyaga vibaya, sehemu moja ikabeba uzito mno, taa inawaka.

Nikaalika watu waje kuona. Kandambili iko mezani, haijavaliwa na mtu. Taa ikawaka yenyewe.

Kandambili tupu, mezani, inalalamika kwamba imekanyagwa!

Nini kilitokea? Mambo matatu, na yote yamo kwenye maabara kubwa za dunia mpaka leo, ila wao wanayaandika kwa maneno mapole. Kwanza, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gundi yangu ilikunywa unyevu wa hewa, ukinzani ukahama. Pili, sponji lina kumbukumbu. Godoro ulilolalia miaka mitano lina umbo lako hata ukisafiri. Sponji langu nalo, baada ya kubonyezwa kutwa, halikurudi lilipokuwa. Tatu, unga wa kinywe ulikuwa umeanza kudondoka. Nilipoligonga soli juu ya karatasi, lilitema weusi.

Wenye nyuzi za fedha wana lao. Pete ya fedha ikikaa inakuwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani. Uzi wa nanomita 50 ukianza kuliwa na salfa, haubaki hata wa kusimulia. Inabidi kuufunika, na ukiufunika sana hausikii vizuri.

Kwa hiyo nikipewa karatasi ya utafiti inayosema "tumetengeneza kihisi kinachosikia unyoya", mimi siku hizi nauliza: kesho kitausikia vilevile? Baada ya mikunjo 10,000? Baada ya jasho? Siku ya mvua? Kuhisi ni rahisi, ndugu zangu. Hata penseli inahisi. Kuhisi vilevile kesho ndiyo kazi. Mzani wa Mwaloni una muhuri wa Wakala wa Vipimo, na tunajua kwa nini: watu wangeuana. Kihisi cha kwenye soksi ya mgonjwa nani atakigonga muhuri, na mara ngapi kwa mwaka?

Na kuna la nne, ambalo mimi sikulijua mpaka niliposoma habari za daktari Paul Brand. Huyu alikuwa Mwingereza, alitibu wagonjwa wa ukoma Vellore, India, kisha Carville, Louisiana. Ndiye aliyetusaidia kuelewa kwamba vidole vya mgonjwa wa ukoma haviozi vyenyewe. Vinaumia kwa sababu havisikii, mtu anashika sufuria la moto na kuendelea na mazungumzo. Naye, kama mimi, alisema atawatengenezea maumivu. Yeye na wahandisi wakaunda glavu na soksi zenye vihisi vya mgandamizo. Mwanzo vikapiga sauti sikioni. Wagonjwa wakaizoea, wakaipuuza. Wakaweka taa. Wakaipuuza. Mwishoni wakaweka shoti ndogo ya umeme, sehemu ya mwili ambayo bado inasikia. Mgonjwa akitaka kufanya jambo ambalo anajua litampiga shoti, alizima mtambo, akalifanya, akauwasha tena.

Fikirini juu ya mtu yule anayenyoosha mkono kwenye swichi. Si mjinga. Ni mimi na wewe tunaozima kengele ya simu alfajiri. Maumivu ya kweli hayana swichi, ndiyo maana yanatulinda. Na vihisi vyao, kama vyangu, vilikuwa ghali na viliharibika. Leo vihisi ni laini zaidi na ni vya bei nafuu kuliko enzi zake, hilo halina ubishi. Swichi bado iko pale pale. Nilipoanza upya, sikuanza na mgonjwa kuonywa kwa taa. Nilianza na muuguzi: soli linakusanya namba wakati wa kliniki tu, nusu saa, mgonjwa anatembea ukumbini, muuguzi anaona ni wapi kisigino kinabeba mno, fundi viatu anapunguza hapo. Kihisi kinahitaji kuwa mkweli nusu saa tu. Hilo naliweza. Na kabla ya kila mgonjwa tunaweka kwanza jiwe la kilo mbili juu yake, tusome kinasema nini leo. Siku kikidanganya, tunakitupa.

Tunakitupa wapi? Nashukuru nimeona mama mmoja anakunja uso kabla sijafika. Fedha iliyoyeyuka majini ni sumu kwa samaki, na huhitaji nyingi. Mirija-nano ya kaboni, ile mirefu na migumu, ikivutwa mapafuni inatia wasiwasi kama asbesto; mwaka 2014 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliiweka aina yake moja kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Ikiwa imefungwa ndani ya mpira, imetulia. Ikichomwa dampo la Buhongwa, je? Mimi sitaki kijana yeyote hapa anunue unga wa mirija mtandaoni aanze kuupuliza chumbani kwake. Mvua ya mji huu wote inashukia ziwani, na jioni tunaketi kula kilichotoka humo. Kwa majaribio yenu tumieni kinywe cha penseli, kwenye karatasi, kinatosha sana.

Na kweli kinatosha. Chora mstari mnene kwa penseli laini, ile ya 6B, yenye kinywe kingi na udongo kidogo. Rudia mpaka karatasi ing'ae. Bana ncha mbili, weka mita. Pinda karatasi mstari ukiwa nje ya mpindo: magamba ya kinywe yanaachana, namba inapanda. Pinda kinyume: yanasongana, namba inashuka. Umeshatengeneza kihisi kinachopinda, kwa bei ya penseli. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Pinda mara mia. Andika namba ya kwanza na ya mia. Ilaze karatasi hiyo usiku karibu na dirisha, soma tena asubuhi. Hapo ndipo utakapoanza kujifunza.

Nilimpelekea shangazi kihisi kimoja, nikiwa nimekifunga kwenye ncha ya kijiti, nikamwambia kitapima ukavu wa dagaa gunia likiwa limefungwa. Akakizamisha, tukasoma namba. Akauliza, "Inasema nini?" Nikamwambia inasema wamekauka. Akazamisha mkono wake. Akanyamaza. Akasema, "Inasema kweli hapa juu. Isukume mpaka kati." Kijiti changu kilikuwa kifupi.

Sasa nimetengeneza kirefu. Meza iko pale kushoto: penseli, karatasi, mita nne, na moja betri yake imechoka, msigombane nayo. Mafundi wakae na wanafunzi, msikae mafundi kwa mafundi. Shangazi yuko kule mwisho na gunia lake, amekubali kulifungua. Anasema anayetaka kushindanisha mita na mkono wake aje, ila kwanza akanawe.